Kashata Mbele, Mistari Nyuma

Pikipiki iliegemezwa ukutani nyuma ya kituo cha polisi cha Karatu, chini ya bati, na kila aliyepita kwenda sokoni aligeuza shingo kuitazama. Kuanzia Mto wa Mbu hadi Loliondo hapakuwa na nyingine kama hiyo. Ilikuwa pikipiki ya mashindano, kazi ya Wajapani, usukani wake umeshushwa chini kiasi kwamba mpandaji alilala kifudifudi juu ya tangi. Kwa mkao huo watu waliiita Panzi. Mhandisi mmoja wa barabara alimwachia Patrisi alipokuwa anarudi kwao, na tangu hapo mlio wake ndio uliowaambia watu wa Rhotia kwamba kumekucha na kijana wa mzee Josephati anapanda Ngorongoro kazini.

Tangu Jumanne hawakuusikia tena. Patrisi alikuwa katika chumba cha maiti cha hospitali ya misheni, na Panzi alikuwa hapa, tangi limebonyea, taa imepasuka.

Inspekta Moringe alichuchumaa mbele ya gurudumu la mbele. Alikuwa Mwarusha, mtu mrefu asiye na haraka, aliyeletwa kutoka Arusha kwa ajili ya kesi hii moja. Koplo Marseli, mwenyeji wa Rhotia na polisi wa siku nyingi kuliko yeye, alisimama nyuma yake akiwa ameshika kofia.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Hoteli ambako Patrisi alikuwa dereva, kule juu ukingoni mwa kreta, ilikuwa na pembe ya kifaru iliyotundikwa ukumbini tangu enzi za wakoloni. Wiki hii ukumbi ulikuwa unapakwa rangi, pembe ikawekwa ghalani. Jumanne ikatoweka. Mtunza ghala, Felisiani, alieleza kwamba wakati wa chai ya saa nne alimwona Patrisi akitoka ghalani na kifurushi, akapanda Panzi na kuondoka mbio. Adhuhuri dereva wa lori akamkuta Patrisi chini ya barabara, kwenye kona ya pili baada ya geti la Lodoare, ameshakufa. Pembe haikuwepo. Wakubwa wakasema ameshampa mwenzake. Walitaka jalada lifungwe leo, kwa sababu kesho ilikuwa siku ya kuzika, na mzee Josephati alishasema kwamba mwizi hazikwi kwake. Ikiwa serikali itaandika mwizi, basi serikali imzike.

Mlinzi wa geti hakusaidia. Ukungu ulikuwa mzito, alisema. Alimsikia Panzi akipita pembeni mwa kizuizi kama siku zote, lakini hakuona kama anapanda au anashuka.

"Koplo," alisema Moringe, "njoo uniambie unaona nini."

Marseli aliinama. "Tairi, afande."

"Tairi gani?"

"La mbele ni kashata." Mafundi waliyaita hivyo matairi ya vibonge, kwa sababu vibonge vyake vilikatwa mraba kama kashata sinia nzima. Yalikuwa matairi ya kupita kwenye tope. Marseli alizunguka nyuma. "Na hili ni la mistari. La barabara nzuri."

"Pikipiki ya mashindano huvaa hivyo?"

"Hapana. Lakini siku hizi, afande, nani anavaa anachotaka? Mimi mwenyewe kiatu cha kulia na cha kushoto si ndugu."

Moringe hakucheka, ila alitazama viatu vya koplo, akaona ni kweli. Kisha akapitisha kidole kati ya vibonge vya tairi la mbele. Huko ndani palikuwa na vinyweleo vya mpira, vyembamba, laini, kama nywele za hindi changa. Tairi jipya hutoka kiwandani navyo, na njia ya changarawe huvinyoa upesi. Hivi vilikuwa bado vingi.

Alinyanyuka. Jana walipanda pamoja hadi hotelini, na Felisiani mwenyewe aliwaonyesha alama za magurudumu mbele ya mlango wa ghala. Zilikuwa chini ya upenu wa paa, mvua isikofika. Pale Panzi alipokata kona kutoka mlangoni, alama ziliachana zikawa mbili, ya mbele nje na ya nyuma ndani, na Moringe alizitazama mpaka mtunza ghala akaanza kukohoa. Zote mbili zilikuwa za mistari mirefu. Hapakuwa na kibonge hata kimoja.

"Twende kwa fundi," alisema.

Banda la Ismaili lilikuwa mkabala na mashine ya kusaga. Ismaili alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno mengi siku nyingine. Leo alijibu akiwa anaziba tyubu, na macho hayakuinuka kwenye kiraka. Ndiyo, tairi la mbele alilifunga yeye. Lini? Zamani. Kabla ya Idi. Alimwambia Patrisi kwamba si vizuri kuchanganya, na Patrisi, Mungu amrehemu, alicheka tu. Patrisi alikuwa mtu wa kucheka.

Kama tairi lilifungwa kabla ya Idi, basi alama za ghala hazikuwa za Panzi. Itabidi kuwe na pikipiki nyingine yenye magurudumu kama yale, na hiyo hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona. Marseli alikwishaanza kutaja majina ya watu wenye pikipiki, padre, daktari wa mifugo, meneja wa shamba la kahawa, na upana wa matairi ya kila mmoja. Hakuna lililolingana.

Moringe alimwacha amalize. Kisha akatoa mfukoni unyweleo mmoja wa mpira, akauweka juu ya kiraka cha Ismaili.

"Huu umenyonyoka kwenye tairi lako la kabla ya Idi."

Fundi aliutazama. Mikono yake ikatulia.

"Sikuuliza limetoka wapi," alisema Moringe. "Najua mpaka wa Kenya umefungwa, na najua nani anapita Samunge na mizigo kichwani. Hilo ni la mtu mwingine, siku nyingine. Mimi nauliza lini."

Ismaili alifuta mikono kwa tambara muda mrefu. Alisema Jumatatu jioni. Alisema tairi lilipita Samunge kweli, limefunikwa chini ya ngozi za mbuzi, na Patrisi alikuwa akilisubiri tangu mvua zianze. Lilikuwa moja tu, na lilikuwa jembamba. Yeye alimshauri walifunge nyuma, ili linalosukuma ndilo lishike tope. Halikuingia, rimu ya nyuma ni pana mno.

"Nikamwambia, bwana, ukiwa na kashata mbele na mistari nyuma, kwenye kona yenye utelezi la mbele litashika na la nyuma litakuaga. Usipande nalo Ngorongoro. Akasema hatalifunga kwa ajili ya Ngorongoro."

"Kwa ajili ya nini?"

"Njia ya kwa kina Leonida, mchumba wake." Fundi alizungumza polepole sasa. "Ile inayoshuka kutoka barabarani Rhotia. Mvua ikinyesha, pikipiki ile haiwezi. Alianguka pale mara mbili. Alisema nimfungie afike tu, akirudi nitamtafutia mengine yanayofanana."

Akaokota tyubu, akaiweka chini tena. "Watu wanasema nimemuua mimi. Wewe unasemaje, afande?"

Moringe alisema aliyeulizwa ndiye ajibu kwanza, na yeye bado hajamaliza kuuliza. Lakini mlangoni aligeuka, akamwambia kwamba mtu akishaonya amefanya sehemu yake.

Katika Landrover Marseli aliunganisha mambo kwa sauti. Kashata ilifungwa Jumatatu jioni. Usiku ule mvua ilinyesha hadi karibu alfajiri, Karatu yote na ukingoni pia. Kwa hiyo kama Patrisi angefika ghalani Jumanne, angeacha alama ya kashata.

"Na tope," alisema Moringe. "Alama za ghala ziko kwenye vumbi kavu."

"Basi ni za zamani. Felisiani amedanganya."

"Amedanganya kuhusu alama. Wakili atasema mtunza ghala si fundi, alionyesha alama alizoziona, akakosea. Lakini anasema alimwona mtu kwa macho, saa ya chai. Nataka kujua mtu huyo saa ya chai alikuwa wapi."

Rhotia ilikuwa na jua, na mahindi yamefika magotini. Njia ya kwa kina Leonida iliacha barabara kuu karibu na shule, ikashuka kati ya mashamba. Waliacha Landrover barabarani, wakashuka kwa miguu pembezoni mwa njia, na baada ya mwendo mfupi Marseli alisimama. Tawi la mwiba lilikuwa limelazwa kukata njia. Pembeni, katikati ya maharage ya mtu, miguu ya watu na ng'ombe ilikuwa imefungua njia nyingine mpya, pana, iliyoanzia juu barabarani ikazunguka mbali.

"Hapa hatupiti, afande."

"Nani amekataza?"

"Hakuna aliyekataza." Marseli alitafuta maneno ya Kiswahili. Alisema baba yake Leonida alifariki wakati wa kupanda, na nyumba ikaingia kwenye meta. Watu wa nyumba ya namna hiyo hukaa peke yao mpaka siku ya kusafishwa. Hawaendi kwa watu, ng'ombe wao hawachangamani na wa wengine, wana njia yao na maji yao. Padre alisoma misa, ndiyo, na wote ni Wakristo. Lakini mwiba uliwekwa, na hakuna jirani wa kuuruka. Harusi ya Patrisi na Leonida ilisogezwa mpaka baada ya mavuno kwa sababu hiyo. Tangu wakati ule hawakuonana. Asubuhi Patrisi akipita barabarani alimvumisha Panzi mara moja, ili Leonida ajue amepita.

"Jumanne ulipokuja kuuliza maswali kijijini, ulipita wapi?"

Marseli alionyesha njia ya maharage. "Nilizunguka. Kila mtu anazunguka."

"Ndiyo," alisema Moringe. "Na ninyi nyote mmenitunzia njia hii vizuri kuliko askari wa zamu."

Alipiga magoti upande wa huku wa mwiba. Tope la Jumanne lilikuwa limekauka likawa gumu kama tofali, na hapakuwa na ukwato wala unyayo wa mtu mwingine juu yake. Panzi alikuwa hapo, mzima mzima. Kashata ilishuka, mistari ikapita juu yake. Hapakuwa na vitundu vya matone ya mvua ndani ya alama, hivyo zilipigwa baada ya mvua kukatika. Hatua chache kabla ya mwiba palikuwa na tundu la stendi na matone machache ya oili. Kisha magurudumu yakageuka, kashata kwa nje na mistari kwa ndani, yakapanda kurudi barabarani, na la nyuma lilikuwa limerusha mabonge ya tope hadi kwenye mahindi.

"Alikuja Jumanne asubuhi," alisema Marseli kwa sauti ya chini, kama aliye kanisani. "Akaondoka."

"Subiri."

Palikuwa na alama nyingine ya kushuka, juu ya ile ya kwanza. Pembeni mwake, tangu juu mpaka chini, zilifuatana nyayo za buti. Mtu alikuwa ameizima pikipiki akaishusha kwa mikono. Iliishia karibu kabisa na mwiba. Tundu la stendi hapa lilikuwa limezama, na oili ilikuwa imedondoka mahali pamoja mpaka ikafanya doa la ukubwa wa kisahani. Kupanda tena hakuipanda. Aliisukuma, ncha za buti zikichimba udongo, hadi barabarani, na huko alama zikapotelea kwenye za malori.

Walipoinua macho, msichana alikuwa amesimama upande wa pili, mbali kidogo na mwiba, amejifunga khanga nyeusi. Nyuma yake, karibu na zizi, alisimama mama yake, Antonia. Marseli aliwasalimia kwa Kiiraqw, akaomba radhi kwa ajili ya mgeni. Moringe alivua kofia, akampa pole Leonida, akamwambia waziwazi kilichomleta na jinsi jibu lake litakavyotumika.

Leonida alijibu kwa Kiswahili cha shule, bila kupamba. Ndiyo, Jumanne alimsikia Panzi akishuka hadi hapa. Hajawahi kushuka tangu mwiba uwekwe. Watoto wa shule walikuwa kwenye paredi, wanaimba. Yeye alikuwa ndani. Hakutoka.

"Akaondoka lini?"

"Kabla hawajamaliza kuimba."

Marseli alimtazama Moringe, na Moringe hakumtazama. Wote wawili walijua maana yake. Tangu paredi hadi chai ya saa nne, Panzi angefika hotelini na muda ukabaki.

"Dada," alisema Marseli, "fikiri vizuri. Labda aliondoka baadaye kidogo. Kesho wanamzika."

"Najua kesho ni nini, kaka Marseli." Aligeukia upande wa barabara. "Nilisikia anavyokwenda mpaka mlio ukaisha. Mlio ule siwezi kuukosea. Nikiongeza dakika, nitakuwa namwombea kwa uongo, na yeye hakuiba."

Moringe aliinama, akaonyesha kwa kidole nyayo za buti. Alisema bila kupandisha sauti kwamba mtu huyu alirudi. Aliizima pikipiki kule juu, akaishusha kwa mikono ili isisikike, akasimama hapa muda mrefu. Muda gani, udongo haukusema. Ilihitajika mtu aliyemwona.

Leonida alitazama alama ile. Wa kusema alikuwa mama, na alisema kwa Kiiraqw, akiwa bado kule zizini, mkono juu ya nguzo. Alisema kwa muda. Moringe hakuelewa neno hata moja, hivyo alimtazama binti. Uso wa Leonida ulifunguka kidogo kidogo, kama wa mtu anayesomewa jambo ambalo alikuwa akilijua upande mmoja tu. Kisha alimgeukia mama yake, na mama akaangalia chini.

"Koplo," alisema Moringe.

Marseli alichelewa kuanza. "Anasema, aliposhuka na kelele, yeye ndiye aliyetoka akampungia mkono aondoke. Nyumba iko kwenye meta, na kelele zile si heshima. Kijana akainamisha kichwa, akaondoka. Baadaye mama anakamua, anainua macho, anamwona amerudi. Ameketi juu ya pikipiki, hajavuka mwiba, kofia mkononi. Anatazama mlango. Mama hakuwa na moyo wa kumfukuza mara ya pili. Akaendelea na kazi zake, na kijana akaendelea kutazama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kengele ya mapumziko ya shule ikagonga, watoto wakatoka kucheza. Ndipo akainuka, akaanza kusukuma."

Mapumziko ya shule yalikuwa saa nne, saa ya chai ya Felisiani. Kutoka hapa, hata Panzi mwenyewe asingefika ukingoni ila muda mrefu baada ya vikombe kuoshwa. Patrisi alikuwa anapanda kwenda kazini, amechelewa, na hotelini hakufika. Moringe alimuuliza mama, kupitia kwa koplo, kama yuko tayari kuyasema hayo mbele ya hakimu. Antonia alijibu kwamba atayasema siku nyumba itakaposafishwa. Kabla ya hapo hakimu aje yeye, asimame hapo mwibani.

"Atakuja," alisema Moringe. "Na mzee Josephati nitamwambia mimi mwenyewe leo, kabla jua halijazama. Felisiani naye tutamfuata. Aliyemwona mtu ambaye hakuwepo ndiye anayejua pembe iko wapi."

Lakini Leonida hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amemkabili mama yake, na alimuuliza kwa Kiswahili, labda kwa sababu katika Kiiraqw lingekuwa zito zaidi.

"Kwa nini hukuniambia yupo?"

"Ungetoka," alisema mama.

Ng'ombe mmoja aligonga pembe kwenye nguzo za zizi. Upande wa Oldeani wingu lilikuwa limeshuka likafunika mlima nusu, na upepo uliokuja ulinuka mvua. Moringe alisema mpiga picha wa polisi hawezi kufika kutoka Arusha kabla ya kesho, na mvua ya namna ile ikifika hapa hakutabaki alama. Alimwagiza Marseli akatafute debe, bati, chochote, kijijini.

Leonida aliingia ndani. Alirudi na karai la bati lililotoboka ukingoni, akaja nalo hadi kwenye mwiba, akaunyoosha mkono juu yake.

Marseli alilitazama karai, akautazama mkono. Alikuwa na mke, na watoto, na ng'ombe watatu, na jioni angepita kwa majirani ambao wangetaka kujua ameshika nini na kimetoka nyumba gani. Moringe alipiga hatua alipokee yeye. Koplo akamtangulia. Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokewa zawadi, na vidole vyao vikagusana.

"Linatosha alama moja tu, dada," alisema. "Nifunike ipi? Ya kwanza ina kona, ndiyo inayoonyesha matairi yote mawili."

Moringe alijua kwamba kwa mahakama koplo alikuwa sahihi. Tone la kwanza lilianguka juu ya karai, likalia. Alivua koti lake la mvua, akalitandaza mwenyewe juu ya kona ile, akalikandamiza kwa mawe manne.

"Funika hiyo ya pili," alisema Leonida. "Ndiyo ambayo sikuisikia."